Barua ya wazi: Kabla hamjaigusa Mandela, tuonyesheni maji yatakwenda wapi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya ujenzi, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Watendaji Wakuu wa TANROADS, TARURA na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART), wakuu wa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira ambayo wengi wetu tunaijua kama NEMC, na Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam.

Waheshimiwa, salaam.

Naandika kuhusu Barabara ya Mandela. Kwa mtu anayeijua Dar kwa kupita njia tu, Mandela ni barabara ya malori: inatoka Kurasini upande wa bandarini, inakwenda TAZARA, Buguruni, Tabata, External, mpaka Ubungo, na juu yake yanatambaa makontena ya Zambia, ya Kongo, ya Rwanda na ya Burundi. Kwetu tunaoishi kandokando yake ni njia ya kwendea soko la Buguruni, ya kuwapeleka watoto shule, ya kumkimbizia mgonjwa Amana. Foleni yake siku hizi haina saa. Zamani ulikuwa unaiwahi alfajiri. Sasa hata saa tano usiku pale Buguruni unakuta malori yamezima injini, madereva wamekaa chini wanakunywa kahawa.

Mpango wa mabasi ya mwendokasi unaonyesha awamu ya tano kupita Mandela. Niseme mapema kwamba siupingi. Jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728 haliwezi kuendelea kuishi kwa daladala na bajaji peke yake, na anayesema barabara hii ibaki kama ilivyo huyo hajawahi kuning'inia mlangoni kutoka Tabata Relini hadi Ubungo huku akiomba Mungu mvua isinyeshe. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni kinachofanyika kabla ya greda la kwanza kufika: tathmini ya athari kwa mazingira na kwa jamii. Nataka kuwaambia inavyoonekana ukiwa upande wetu wa meza.

Sheria iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza au kupewa fedha. Neno "kabla" limo humo, na mantiki yake ni rahisi: ukijua madhara mapema unaweza kuhamisha mstari kwenye karatasi kwa kifutio, badala ya kuhamisha zege kwa nyundo. Lakini mitaani utaratibu umegeuka. Mradi unatangazwa kwanza, na picha zake za kompyuta zenye miti ya kijani na magari machache yanayong'aa zinasambaa. Fedha zinatafutwa, mchoro unatoka. Hapo ndipo anakuja mshauri mwelekezi na karatasi za mahudhurio kutukusanya shuleni, na tathmini inageuka kibali cha jambo lililokwisha kuamuliwa.

Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, wa barabara nyingine, ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa videvu. Vijana wawili walirusha picha ukutani, maandishi yote ya Kiingereza, wakawa wanatafsiri juujuu. Karatasi ya kusaini ilizunguka kabla maelezo hayajaisha: jina, simu, sahihi. Ikafuata soda. Kisha mama mmoja mwenye genge la mboga akauliza swali moja tu: "Huu mtaro mnaotuchorea hapa, unaishia wapi?" Yule mtaalamu akaangalia mchoro, akasema jambo hilo litazingatiwa kwenye usanifu wa kina. Jibu zuri, tukapiga makofi. Mkandarasi alipofika, mama yule yule akarudia swali lake. Akajibiwa kwamba usanifu ulishakamilika, mkandarasi anajenga alichopewa. Mtaro ule leo unaishia nyuma ya nyumba za watu, na kila masika wanajenga kingo za viroba vya mchanga kuuzuia.

Ukiliweka jibu la kwanza na la pili pamoja utaona kwamba hapakuwa na siku hata moja ambayo swali la yule mama lilikuwa na wakati wake. Mara ya kwanza alikuwa amewahi mno, mara ya pili amechelewa. Naamini hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo kazi ilivyogawanywa tu: anayesikiliza siye anayechora, anayechora siye anayejenga, na anayejenga akishakabidhi anaondoka.

Mkidhani nakuza mambo, twendeni Jangwani.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Serikali ikasema, na ilisema kweli, kwamba bonde la Msimbazi halifai kwa makazi, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, bonde lile lile ambalo tuliambiwa halifai kulala mtu likapewa kulaza mabasi. Karakana na maegesho makuu ya awamu ya kwanza ya mwendokasi vilijengwa pale pale Jangwani. Huduma ilianza Mei 2016 kwenye mtandao wa takriban kilomita 21, watu wakaipenda, na hata mimi nikaipenda. Halafu masika yakaja. Kila mwenye kutumia Barabara ya Morogoro anajua kilichofuata: maji yanapanda, polisi wanaweka kizuizi, abiria wa Kimara wanashushwa Magomeni, na mabasi yaliyolala karakana yanasimama majini hadi kwenye viti.

Tathmini ya mazingira ya mradi ule ilifanyika. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kama isingefanyika kabisa. Mto haukujificha, umekuwa pale tangu kabla ya mji. Vijana wa Jangwani wangewaonyesha alama za maji kwenye kuta zao bila kulipwa posho.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, refu na lililoinuka kuliko la zamani, na kuna kuihamisha karakana ile ya mabasi kwenda Ubungo Maziwa. Ni mradi mzuri. Mpango wake ulitokana na vikao vingi vilivyowakalisha pamoja wahandisi, maofisa na wakazi wa bondeni, jambo ambalo ningependa liigwe. Lakini tuseme ukweli: sehemu ya fedha hizo ni gharama ya kujenga mara ya pili kitu ambacho kingewekwa mahali pake mara ya kwanza. Ni mkopo, na watakaoulipa ni pamoja na wale walioshushwa Magomeni.

Sasa rudini Mandela mkiwa na Jangwani kichwani, maana mto ni huo huo. Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe, unazunguka Vingunguti na Tabata, unaivuka Mandela kati ya Buguruni na Ubungo, unakwenda Kigogo, ndipo unafika Jangwani na hatimaye baharini pale Daraja la Selander. Chochote mtakachofanya Mandela kitaonekana Jangwani saa chache baadaye. Mkipanua barabara bila kuhesabu maji, daraja jipya la Jangwani litapokea mzigo ambao pengine wasanifu wake hawakuambiwa kuwa unakuja.

Naomba nifanye hesabu ndogo, ya darasa la saba. Tuseme barabara inaongezwa upana wa mita 20 kwa urefu wa kilomita 5 tu. Hizo ni mita za mraba 100,000 za lami na zege, mahali ambapo jana palikuwa na udongo, majani na vibaraza vya mchanga. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar si ya kuandikwa gazetini, ikinyesha juu ya eneo hilo inatoa mita za ujazo 5,000. Ni maboza 500 ya lita 10,000. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama ardhini na sehemu ikajivuta polepole. Sasa yote yanashuka kwa mkupuo mmoja, ndani ya saa moja au mbili. Yapelekwe wapi? Tathmini ya mazingira inayostahili jina hilo ingejibu swali hili kwa ramani, kalavati kwa kalavati, kuanzia barabarani hadi mtoni, na ingesema nyumba ipi, shule ipi na karakana ipi iko kwenye njia yake.

Kuna jambo jingine la kitaalamu ambalo wananchi hawaelezwi. Mhandisi akisema kalavati limesanifiwa kwa "mvua ya miaka 50", sisi tunasikia kwamba tutakaa miaka 50 salama. Maana yake halisi ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 2 kutokea katika mwaka wowote ule, hata mwaka huu, hata mwaka huu na ujao mfululizo. Kwa kalavati linalotarajiwa kudumu miaka 30, uwezekano wa kukutana na mvua hiyo angalau mara moja ni kama asilimia 45. Na hiyo ni kwa kutumia rekodi za mvua za zamani, kabla ya mvua kama zile za El Nino za mwishoni mwa 2023. Naomba ripoti ya Mandela iseme wazi, kwa Kiswahili: tumechagua mvua ya miaka mingapi, kwa nini, na ikizidi maji yatapita kwa nani. Mwenye nyumba ana haki ya kujua kwamba amechaguliwa.

Halafu kuna kalavati la kwenye mchoro na kalavati la mtaani. La kwenye mchoro lina upana wa mita mbili na liko tupu. Nendeni mkalitazame moja la kwetu mwezi Februari, kabla ya masika: chini mchanga mweusi umejaa nusu, juu yake chupa za maji, mapande ya godoro, mfupa, kiatu kimoja, na tawi la mwarobaini lililoshika mfuko ambao nao umeshika mifuko mingine ishirini. Upenyo uliobaki anapita paka. Mchanga ule unatoka juu, kwenye vilima vinavyokatwa viwanja na kwenye mito inayochimbwa mchanga wa kujengea. Ndio uliolijaza hata bonde la Jangwani mpaka mto ukawa karibu sawa na sakafu ya daraja. Msiposanifu kwa kuuhesabu mchanga, mnasanifu kwa ajili ya mji mwingine.

Na nani atazoa? Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara ya mtaa inayoungana nayo ni ya TARURA. Bomba la majitaka lililo chini ni la DAWASA, taka ni za manispaa, mto uko chini ya mamlaka ya bonde, na mabasi ni ya DART. Maji hayajui mipaka hii, lakini sisi tumeijifunza kwa kusukumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kila taasisi ikifanya tathmini yake inaishia ukingoni mwa eneo lake: ripoti ya barabara inasema maji "yataelekezwa kwenye mfumo uliopo," na mfumo uliopo ni ule mtaro wa mtaani wa upana wa ndoo. Kwa hiyo ombi langu kubwa kuliko yote ni hili: kwa Mandela, tathmini ya maji iwe moja, ya bonde zima, na kila taasisi iweke sahihi yake kwenye ukurasa mmoja unaoonyesha nani anasafisha nini, mara ngapi kwa mwaka, kwa fungu gani la bajeti. Ukurasa huo usibaki kiambatisho cha nyuma. Uwe sehemu ya masharti ya cheti cha mazingira, yaani kile kibali ambacho mradi hupewa tathmini yake ikishapita.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu ndiyo yanayoua. Lakini kuna malori.

Mkichukua njia mbili za katikati kwa ajili ya mabasi, malori hayatayeyuka. Yatabanana kwenye njia zilizobaki, au yataingia mitaani, na mitaa ya Buguruni na Tabata haikujengwa kwa matrela. Kanuni za tathmini zinataka mbadala wa mradi uchambuliwe, na hapa ndipo ripoti nyingi huwa na aya mbili za kuondoa lawama: mbadala wa kwanza ni kutofanya lolote, mbadala wa pili ni mradi wenyewe, na mradi unashinda. Mandela ina mbadala wa kweli. Reli ya kisasa ipo. Abiria walianza kwenda Dodoma nayo mwaka 2024. Bandari kavu ya Kwala, kituo cha makontena kule mkoani Pwani, ipo. Swali linalopaswa kujibiwa kwa takwimu ni: makontena mangapi yanaweza kutoka bandarini kwa reli hadi Kwala na yakapandishwa malori huko huko, na yakitoka hayo, Mandela itahitaji njia ngapi? Inawezekana jibu likawa kwamba barabara nyembamba kuliko inayochorwa inatosha. Inawezekana lisiwe hivyo. Lakini kama swali halikuulizwa kabla ya kuweka mawe ya mpaka, tutabomoa nyumba za watu kwa ajili ya malori ambayo baada ya miaka michache yatakuwa yamehamia kwenye behewa.

Nasema hivi nikikumbuka pia madaraja ya juu. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021, na yote mawili yamesaidia. Mwongo ni anayesema hayakusaidia. Ila foleni iliyotoka kwenye makutano imekwenda kukaa mbele kidogo, kwenye makutano yanayofuata. Barabara ikipanuka inaalika magari: aliyekuwa anaacha gari nyumbani analitoa, aliyekuwa anapita njia nyingine anarudi. Hesabu za magari zinazowekwa kwenye ripoti mara nyingi hudhani kwamba idadi itakua ile ile iwe barabara imepanuliwa au la. Wataalamu wenu wanalijua hili kuliko mimi. Naomba waliandike.

Waenda kwa miguu nao wahesabiwe. Ninapoona vijana wa kuhesabu magari wamekaa chini ya mwavuli na karatasi zao wakichora mistari minne na wa tano wa kukata, huwa nasogea kuangalia safu zao: gari dogo, daladala, lori, trela, pikipiki, bajaji. Sijawahi kuona safu ya mama mwenye beseni la samaki kichwani. Wala ya guta. Pale Buguruni wanaovuka kwa miguu asubuhi moja ni umati, lakini kwenye karatasi hawapo, na asiyekuwepo kwenye karatasi anajengewa daraja la ngazi nyingi mita mia tatu kutoka anapovukia, halafu anaitwa mkaidi akipita chini. Mlemavu wa baiskeli ya magurudumu matatu yeye haitwi hata mkaidi, anabaki nyumbani. Na mitaro yenu iwe na mifuniko ya zege nzito. Ile ya chuma inalala usiku mmoja, kesho iko kwenye mizani ya chuma chakavu.

Nije kwenye alama ya X.

Kila mkazi wa kandokando ya barabara kuu nchini anaijua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipopanua hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili yake, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, tukajifunza rangi: X nyekundu ni wewe uliyeifuata barabara, unaondoka bila fidia, X ya kijani ni wewe uliyefuatwa na barabara, unalipwa. Kisha Barabara ya Morogoro ikatufundisha kwamba mita zenyewe zinaweza kuwa nyingine kabisa: kutoka Kimara kwenda Kiluvya hifadhi ikatajwa kuwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, na mwaka 2017 nyumba zikaanguka, zikiwemo za watu waliokuwa na umeme, maji na risiti za kodi ya majengo. Sitaki kuifungua kesi ile hapa. Nataka tu Mandela isianze hivyo. Ripoti itaje hifadhi ni mita ngapi kwa kila kipande, kwa tangazo gani la serikali na la mwaka gani, na iambatanishe ramani ambayo mtu anaweza kuweka kidole na kusema hapa ni kwangu.

Kuhusu fidia, sheria zenu ni nzuri kuliko tabia zetu. Kanuni za 2001 zinataka ilipwe kwa wakati, ikipita miezi sita iwe na riba. Na Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema uthamini unaisha nguvu baada ya miaka miwili. Watu wanachoumizwa nacho ni kile kipindi cha katikati: umeshathaminiwa, umekatazwa kuendeleza, hujalipwa, paa linavuja na huruhusiwi kuongeza bati. Wekeni tarehe. Na mpangaji wa fremu mwenye saluni au duka la vipuri, ambaye ndiye uso wa Mandela, ahesabiwe naye, maana akishahama mwenye nyumba analipwa jengo na yeye anabaki na viti vya saluni barazani kwa shemeji yake.

Vumbi na kelele sitavirefusha. Boza la kumwagia maji lipite kweli kweli, lisipite siku ya ukaguzi tu. Ila jambo moja: ripoti za mwendokasi huhesabu faida ya hewa safi kutokana na mabasi yatakayochukua nafasi ya daladala chakavu. Barabara ya mwendokasi ya Mbagala ilikamilika ikakaa muda mrefu bila mabasi. Vumbi lilikuja kwa wakati, hewa safi ikachelewa. Kama faida ya mazingira inategemea mabasi, basi ununuzi wa mabasi uwe sharti la cheti, lenye tarehe, sawasawa na lami.

Nimalizie na namna ya kuzungumza nasi, kwa sababu bila hiyo yote niliyoandika hapo juu yatabaki barua.

Kanuni za tathmini zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Muhtasari peke yake hautoshi kwa mradi wa ukubwa huu, lakini hata huo tunausikia tu. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu ya mauaji kwa Kiswahili, mshauri mwelekezi anaweza kuandika habari za mtaro. Sura za maji, za fidia na za waenda kwa miguu ziandikwe zote kwa Kiswahili. Nakala ziwekwe kwenye ofisi za serikali za mitaa kuanzia Kurasini hadi Ubungo, zisifungiwe kabatini kwa mtendaji, na mchoro mkubwa ubandikwe ukutani nje, chini ya nailoni usilowe.

Mikutano iwe miwili kwa kila mtaa. Wa kwanza ufanyike sasa, wakati hadidu za rejea za tathmini bado zinaandikwa, mje kutuuliza mkachunguze nini. Wa pili mje na majibu kabla usanifu wa kina haujafungwa, na mhandisi anayechora awepo yeye mwenyewe, siyo mwakilishi wa kuandika kumbukumbu. Ifanyike Jumapili alasiri. Jumanne saa nne asubuhi mtakutana na wastaafu na wajumbe tu, na wajumbe wameshawahi kusaini vingi. Kila swali lipewe namba, na kila namba ijibiwe kwa maandishi: tumekubali na tumebadili mchoro hapa, au tumekataa kwa sababu hii. Tukikataliwa kwa sababu iliyo wazi tutalalamika, kisha tutazoea. Posho na soda si lazima. Maji ya kunywa yatatosha.

Na mkija mkutano wa kwanza, tunaomba mje na kipande kimoja tu cha karatasi kwa kuanzia: ramani ya Mandela kutoka Buguruni hadi Ubungo yenye kila kalavati lililopo sasa, ukubwa wake, na mshale unaoonyesha maji yake yanakwenda wapi. Kama ramani hiyo haipo, tuambieni haipo. Vijana wa mitaa hii wako tayari kuzunguka na wapimaji wenu wawaonyeshe moja baada ya jingine, pamoja na yale yaliyofukiwa chini ya fremu ambayo kwenye kumbukumbu zenu huenda hayamo.

Wenu,
Mkazi wa Tabata, Dar es Salaam